Goti bandia "la kukunja zaidi": mama ataweza kukaa tahiyatu tena?

*Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67 na kilo 80, tunaishi Tanga. Goti lake la kulia limesagika, mguu umefanya matege, na tumeambiwa dawa yake sasa ni kuwekewa goti bandia. Hospitali ya kwanza wanatumia goti linaloacha kano ya nyuma. Ya pili wanaikata, na wana aina ya "kukunja zaidi" ambayo bei yake imepanda kidogo. Mama anataka vitu viwili tu: apande ngazi za nyumbani bila kushikwa mkono, na akae tahiyatu. Je, umbo la goti lenyewe lina tofauti yoyote, au ni biashara tu?*

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole. Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Umbo la goti bandia hubadilisha sana namna mifupa inavyosogea ndani, lakini hubadilisha kidogo tu yale ambayo mgonjwa ataweza kufanya nyumbani kwake. Ngazi, naamini atapanda. Tahiyatu ya kukalia kisigino, uwezekano ni mdogo kwa aina yoyote mtakayonunua. Na hiyo nyongeza ya bei kwa ajili ya "kukunja zaidi", ingekuwa ni mama yangu mimi, nisingeitoa.

Sasa tuingie ndani ya goti lenyewe.

Wengi hudhani goti ni kama bawaba ya mlango, linafunguka na kufunga basi. Sivyo. Ncha ya chini ya fupa la paja ina vichwa viwili vya mviringo, cha upande wa ndani na cha upande wa nje, vyote vimekalia uso wa juu wa muundi, yaani mfupa mkubwa wa chini ya goti. Upande wa ndani uso huo umebonyea kidogo, kwa hiyo kichwa kinatulia mahali pake. Upande wa nje umetuna, kwa hiyo kichwa kiko huru kubingirika na kuteleza. Ukikunja goti mpaka kama nyuzi 120, kichwa cha ndani kinahama milimita chache tu, wakati cha nje kinarudi nyuma karibu sentimita moja na nusu. Yaani goti linapokunjika, paja pia linajizungusha juu ya muundi. Ukizidi kukunja mpaka kisigino kikutane na kalio, kile kichwa cha nje kinafika ukingoni kabisa mwa muundi, karibu kudondoka. Goti zima linaimudu hali hiyo bila mtu hata kujua.

Kinacholiongoza ni umbo la mifupa, vikingo viwili vya gegedu vilivyo katikati yake, na kano nne: mbili za pembeni na mbili zinazopishana katikati, ya mbele na ya nyuma. Katika upasuaji wa goti zima, vikingo vyote viwili vinatolewa. Kano ya katikati ya mbele nayo hutolewa karibu kila mara. Ile ya nyuma ndiyo ambayo madaktari wamebishana juu yake kwa nusu karne, na ndiyo maana hospitali zenu mbili zimewapa maneno mawili tofauti. Lakini hakuna anayebisha kwamba kila kinachotolewa, kazi yake lazima ifanywe na kitu kingine: ama umbo la plastiki, ama kano zilizosalia, ama misuli ya mama.

Waliotangulia waliligundua hilo kwa taabu. Mwaka 1890 huko Berlin, Themistocles Gluck aliweka magoti ya pembe ya ndovu, na maambukizi yakaharibu kazi yote. Miaka ya 1950 Börje Walldius wa Sweden alitengeneza goti la bawaba. Lilikunja na kunyoosha, na halikuruhusu mguu kujizungusha hata kidogo. Sasa mtu akigeuka jikoni huku amekanyaga, ile nguvu ya kujizungusha inakwenda wapi? Haiishii kwenye kiungo, maana kiungo kimefungwa. Inashuka kwenye mashina ya chuma yaliyozama ndani ya mifupa na kuyatikisa mpaka yalegee. Magoti ya bawaba ya siku zile yalilegea kwa wingi. Leo bawaba, tena iliyoboreshwa ili iruhusu mzunguko, huwekwa kwa wagonjwa maalumu ambao kano zao za pembeni zimekufa kabisa, au waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa kurudia.

Kanuni hiyo ndiyo ningependa uishike kuliko nyingine zote, kwa sababu inaeleza karibu kila mzozo wa magoti bandia: kadiri umbo linavyolifunga goti lisicheze, ndivyo nguvu zinavyohamia kwenye mpaka wa chuma na mfupa. Na kadiri linavyoliachia huru, ndivyo plastiki inavyosuguliwa na kano zinavyolemewa.

Goti la kisasa lilizaliwa New York mwaka 1974, John Insall na Chitranjan Ranawat wakiwa madaktari, Peter Walker akiwa mhandisi. Waliachana na bawaba. Wakavika ncha ya paja kofia ya chuma laini, wakaweka plastiki iliyobonyea juu ya muundi, wakaacha kano za pembeni zishike kazi. Kano zote mbili za katikati waliziondoa. Lilidumu vizuri mno, ila lilikuwa na kasoro: paja halikurudi nyuma wakati wa kukunja, kwa hiyo mfupa wa nyuma wa paja ulikutana mapema na ukingo wa nyuma wa plastiki na goti likakwama kwenye nyuzi 90 na kitu. Kupanda ngazi kukawa na kikomo chake. Mwaka 1978 Insall na mhandisi Albert Burstein wakaongeza kigingi cha plastiki katikati ya muundi na upau wa chuma kwenye kofia ya paja. Goti likikunjika kufikia kiwango fulani, upau unagota kwenye kigingi na kulisukuma paja nyuma kwa lazima. Hiyo ndiyo aina ambayo hospitali yenu ya pili inaizungumzia. Kano ya nyuma imekatwa, kigingi kinafanya kazi yake.

Hospitali ya kwanza wana hoja pia. Wanasema kano iliyo hai ni bora kuliko kigingi cha plastiki, inahifadhi mfupa zaidi na hakuna kitu cha kugongana ndani. Hoja nzuri, ila ina sharti: kano yenyewe iwe nzima na imekazwa sawasawa. Ikibanwa sana, paja linavutwa nyuma kupita kiasi, plastiki inaliwa upande mmoja na goti halikunjiki vizuri. Ikilegea, kinatokea kituko ambacho wataalamu walikiona waziwazi walipowapiga wagonjwa picha za eksirei za mwendo wakiwa wanachuchumaa: badala ya paja kurudi nyuma, linateleza mbele. Kinyume kabisa cha goti la asili.

Kuteleza mbele huko kuna maana kwa zile ngazi za mama. Misuli ya mbele ya paja inavuta muundi kupitia kilegesambwa, kile kijifupa cha mbele ya goti, na nguvu yake inategemea umbali kati ya mstari wa mvuto huo na mahali mifupa inapogusana. Paja likiwa nyuma, umbali huo ni mrefu na msuli unafanya kazi kwa raha. Paja likiteleza mbele, umbali unafupika, na msuli uleule inabidi uvute zaidi ili kuinua mwili uleule. Mgonjwa hatakwambia "paja langu limeteleza". Atakwambia haliamini goti lake kwenye ngazi, au akiinuka kwenye kiti anahitaji kujisukuma kwa mikono.

Kigingi nacho kina gharama. Ili kikae, inabidi kukata kisanduku cha mfupa katikati ya paja. Kigingi kinaweza kusagika, na kwa miundo ya zamani makovu ya juu ya kilegesambwa yalikuwa yakinasa kwenye ukingo wa kisanduku hicho na kutoa mlio mgonjwa anaponyoosha mguu. Ukilinganisha makundi mawili ya wagonjwa, waliokatwa kano na walioachiwa, tofauti ya kukunja ni nyuzi chache tu kwa faida ya kigingi, na maumivu na uwezo wa kutembea ni karibu sawa. Kwa hiyo hospitali zote mbili ziko sahihi. Ninachojali mimi ni aina gani daktari huyo ameizoea, na anafanya nini akifungua na kukuta kano ya nyuma imekwisha kuliwa, maana kwenye matege ya siku nyingi hilo hutokea.

Tuje kwenye uzito. Huko Berlin, watafiti wa hospitali ya Charité waliweka magoti bandia yenye vipima nguvu ndani yake, kisha wakawaambia wagonjwa watembee. Mwaka 2010 walitoa vipimo vya wagonjwa watano: kutembea tambarare, kiungo kinabeba kwa wastani mara 2.6 ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi, zaidi kidogo ya mara 3. Kushuka ngazi, karibu mara 3.5. Kwa kilo 80 za mama, kushuka ngazi ni takriban kilo 277 kwa kila hatua, zote zimetua kwenye kipande cha plastiki chenye unene wa milimita chache. (Ndiyo, kushuka ni kuzito kuliko kupanda. Wagonjwa wengi hushangaa, magoti yao hayashangai.)

Ndiyo maana umbo la plastiki si jambo la urembo. Ikiwa bapa, kofia ya mviringo inaigusa mahali padogo na shinikizo linakuwa kubwa. Ikibonyea kufuata umbo la kofia, mzigo unatawanyika. Miaka ya 1980 zilitengenezwa plastiki bapa na nyembamba, kwa nia njema kabisa ya kuliachia goti uhuru, na nyingi zikaliwa haraka. Hesabu za wahandisi wa wakati huo zilionyesha kuwa plastiki ikipungua chini ya milimita 6 hadi 8, shinikizo linapanda kwa kasi. Wengine wakajaribu kupata vyote viwili: plastiki iliyobonyea sana lakini inayozunguka juu ya sahani ya chuma. Goodfellow na O'Connor wa Oxford, Buechel na Pappas wa Marekani, wote miaka ya 1970. Kwenye karatasi ni ubunifu wa kupendeza. Kwa wagonjwa, plastiki inayozunguka haijaonyesha kuishinda iliyotulia, kwa hiyo wakiwauzia kwa bei ya juu kwa sababu hiyo, msiwe na haraka.

Sasa lile "la kukunja zaidi". Wazo lake ni rahisi. Goti likikunjika sana, ile sehemu ya nyuma ya kofia ya paja inakuwa imekalia ukingo wake wa mwisho, na ukingo huo unaichimba plastiki. Wahandisi wakaongeza milimita kama 2 za chuma nyuma na kuurefusha ule mviringo, ili hata kwenye nyuzi 140 au 150 bado kuna uso laini wa kugusana. Mfupa wa nyuma nao unakatwa zaidi ili kupisha chuma hicho. Wateja waliolengwa ni watu kama mama: Waislamu wanaosali, Wakorea na Wajapani wanaokaa sakafuni, Wahindi wanaochuchumaa. Shughuli hizo zinahitaji goti likunjike kuanzia nyuzi 111 mpaka 165, wakati goti bandia la kawaida huishia kwenye 110 hadi 120.

Lakini angalia walichofanya: wameruhusu goti likunjike salama, hawajalifanya likunjike. Kinachozuia kukunja kwa wagonjwa wengi ni misuli ya mbele iliyofupika, ngozi na tishu zilizokakamaa, nyama za nyuma ya paja zinazogusana, na muundi kukutana na mfupa wa nyuma wa paja. Kipimo kinachotabiri vizuri kuliko vyote goti litakunja kiasi gani baada ya upasuaji ni lilikunja kiasi gani kabla. Kama mama leo anafika nyuzi 95, chuma cha milimita 2 hakitampeleka 150. Majaribio yaliyolinganisha aina hizi mbili hayakuonyesha faida ya maana.

Na kuna upande wa pili ambao muuzaji hausemi. Mwaka 2007 madaktari wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya goti moja la aina hiyo: kati ya magoti 72, kofia ya paja ilikuwa imelegea kwenye 27, na hapo ni wastani wa miezi 32 tu baada ya upasuaji. Waliolegea walikuwa ndio waliokunja zaidi, wanaochuchumaa, kupiga magoti na kukaa wamekunja miguu. Kanuni ile ile ya bawaba imerudi kwa mlango mwingine. Goti likikunjika sana huku limebeba mzigo, nguvu inaivuta kofia itoke kwenye mfupa, na mfupa wenyewe nyuma umeshapunguzwa. Si kila aina imefanya vibaya hivyo, ila hilo linatosha kunifanya nisiuze ndoto ya kuchuchumaa.

Cha kuchekesha kidogo ni kwamba kukunja kunategemea sana kitu ambacho hakina jina la biashara. Mwaka 2002 Johan Bellemans wa Ubelgiji na wenzake walionyesha, kwa magoti yanayoacha kano ya nyuma, kwamba kila milimita 2 zinazopotea kwenye unene wa nyuma wa paja ziliambatana na kupoteza takriban nyuzi 12 za kukunja. Milimita 2 ni kosa dogo la msumeno au saizi iliyochaguliwa vibaya. Ndiyo sababu naogopa zaidi hospitali ambayo mletaji anakuja na saizi tatu kwenye sanduku kuliko hospitali yenye goti la mtindo wa zamani lakini saizi zote zipo. Mama zetu wengi wana mifupa midogo. Chuma kikizidi ukingo wa mfupa kwa milimita 3 au zaidi, kinasugua kano na tishu za pembeni, na maumivu ya baadaye yanaongezeka.

Mtasikia pia kuhusu goti linalobonyea upande wa ndani kama kikombe na kuachwa huru upande wa nje. Hilo linafuata mwendo niliouelezea mwanzo, ambao Michael Freeman na Vera Pinskerova waliupima kwa mashine za MRI. Nakiri nalipenda wazo lake, kwa kuwa linazuia ule mtelezo wa mbele bila kigingi, na baadhi ya wagonjwa husema goti limetulia kwenye ngazi. Tofauti kwa mgonjwa mmoja mmoja bado si kubwa kiasi cha ninyi kusafiri mpaka nchi nyingine kulitafuta.

Swali la matege ni zito kuliko watu wanavyodhani. Mila yetu ya upasuaji ilikuwa kunyoosha kila mguu mpaka mstari kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu upite katikati ya goti, kwa kuwa mzigo uliosawazika hauilemei plastiki upande mmoja. Lakini kikundi cha Bellemans kilipopima vijana wazima mwaka 2012, karibu theluthi ya wanaume na 17% ya wanawake walikuwa na matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Mguu wa namna hiyo ukinyooshwa kabisa, kano za upande wa ndani zinabanwa na goti halijisikii la mwenyewe. Kwa hiyo siku hizi wapo wanaomwachia mgonjwa sehemu ya matege yake. Muulizeni daktari atamrudisha mama kwenye mstari upi, na ataisawazishaje kano ya ndani. Jibu lake hapo lina uzito kuliko jina la kampuni. Vivyo hivyo kofia ya paja ikizungushwa kwa ndani hata kidogo, kilegesambwa kinavutwa kando na ngazi zinakuwa adhabu, hata kama goti lenyewe ni la bei ya gari.

Kama picha zitaonyesha kuwa kilichosagika ni upande wa ndani peke yake na kano ya katikati ya mbele bado iko hai, ulizeni kuhusu goti la nusu. Linabakiza kano zote na mwendo wake unakaribia sana wa asili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kwa kutumia rejesta za mataifa, yaani daftari za kitaifa zinazofuatilia viungo bandia, uliona kuwa magoti kamili 82 kati ya 100 hudumu miaka 25, ya nusu 70. Kwa mtu wa miaka 67 hiyo ni hesabu ya kuzungumza na daktari wake, si ya kukataa papo hapo.

Kabla ya kulipa, pimisheni goti linakunja nyuzi ngapi sasa na mwandikiwe kwenye karatasi. Mama aanze mazoezi ya misuli ya paja leo, asingoje upasuaji. Ulizeni aina ya goti imetumika kwa miaka mingapi na kama ipo kwenye rejesta za kitaifa, kama ya Sweden iliyoanza 1975, ya Australia ya 1999 au ya Uingereza ya 2003. Hapa jirani, Malawi wana yao tangu 2005. Goti lenye historia ya miaka kumi na tano linanipa usingizi kuliko jipya lenye kipeperushi kizuri.

Kuhusu sala. Jeraha likishapona vizuri, kupiga goti juu ya mkeka laini au mto hakukatazwi na madaktari wengi, ingawa wagonjwa wengi hawapendi: ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi, na kugusa sakafu kunatia wasiwasi. Rukuu haina shida. Sujudu wengine huimudu kwa kutanguliza mguu mzima na kujishika kwenye kiti. Kukalia kisigino ndiko ninakomwomba asilazimishe, wala asikubali mtu amkandamize mguu "ulainike". Kigoda kifupi cha mbuzi ya nazi nacho akipishe, kinamkunja na kumbebesha mzigo kwa pamoja anapoinuka. Sala ya kwenye kiti ina ruhusa yake kwa mgonjwa, na shehe wenu atamweleza vizuri kuliko mimi. Mzungumze hilo naye kabla ya upasuaji, ili akiingia chumba cha upasuaji awe ameshajua anachokwenda kupata: goti lisilouma usiku, mguu ulionyooka, na ngazi za nyumbani kwake, akianza kwa kushika ukuta.